Vitanda vya ICU: jinsi ya kutumia data za hospitali yako kujua unahitaji vingapi (mwongozo kamili)

Kila hospitali yenye ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) inajua ina vitanda vingapi, ila ukiuliza mwaka jana ilihitaji vingapi hapo ndo watu wanaanza kutazamana. Jibu unalopewa mara nyingi ni la asilimia: "ICU yetu inajaa kwa wastani asilimia 73, kwa hiyo nafasi ipo." Hilo jibu ni la hatari na nitakuonyesha kwa namba.

Chukua ICU ya vitanda 6. Kwa mwaka mzima imelaza wagonjwa 322, kila mmoja amekaa siku 5 kwa wastani. Piga hesabu, 322 mara 5 gawa kwa 365, unapata vitanda 4.4 vyenye mtu kila siku. Mkurugenzi anaona kuna kitanda kimoja na nusu kimekaa bure. Lakini kama dharura zinakuja bila ratiba, jinsi zinavyokujaga siku zote, hiyo ICU iliombewa nafasi 438 na wagonjwa kama 116 walikosa. Yaani robo nzima ya waliohitaji ICU waliikuta imejaa, na hao hawamo kwenye rejista kwa sababu rejista inaandika walioingia tu.

Kwa hiyo kazi ya kupanga vitanda vya ICU inaanza kwa kuwahesabu wale ambao hawakuingia, alafu unapanga kwa ajili ya siku mbaya, sio kwa ajili ya wastani. Ukishika hayo mawili mengine yote ni hesabu ambayo mtu yeyote anayejua Excel kidogo anaiweza.

Hatua ya 1: Kubalianeni kwanza kushindwa ni nini

Kabla hujagusa data kaa na daktari mkuu wa ICU, nesi kiongozi wa zamu, mtu wa dharura na mtu wa theatre (chumba cha upasuaji). Waulize swali moja: kati ya wagonjwa 100 wanaohitaji ICU, ni wangapi mko tayari wakose kitanda muda wanapokihitaji? Watasema sifuri, na moyoni wako sahihi kabisa, ila hamna idadi ya vitanda duniani inayokupa sifuri. Mwishowe mtatua kwenye 5, au 3, au 2. Iandikeni hiyo namba na sahihi chini yake, maana ndo itakayoongoza kila kitu, na bila hiyo kila mtu atavutia kwake baadaye.

Mkubaliane pia "kukosa" ni nini. Mimi nahesabu wote hawa: aliyepelekwa hospitali nyingine kwa kuwa ICU imejaa, aliyebaki dharura au chumba cha kuamkia baada ya oparesheni akiwa kwenye mashine ya kupumulia zaidi ya saa 4, aliyeahirishiwa oparesheni kwa kukosa kitanda, aliyebaki wodini na hali yake ni ya ICU, na yule aliyetolewa ICU mapema kabla hajawa tayari ili mwingine aingie. Huyu wa mwisho anasahaulika sana wakati yeye ndo dalili kubwa kabisa ya kubanwa, hasa ukiona watu wanahamishwa usiku wa manane. Hakuna daktari anayehamisha mgonjwa saa 8 usiku kwa kupenda.

Hatua ya 2: Kusanya data, na usikubali za siku, dai za saa

Chukua angalau miaka 2, mitatu ni bora zaidi ili uone msimu ukijirudia. Mwaka ambao kulikuwa na janga uweke pembeni uuchambue peke yake, ukiuchanganya na miaka ya kawaida utaharibu yote.

Kwa kila mgonjwa unahitaji namba ya kumtambua (jina ondoa kabisa, hulihitaji na sio haki yake kusambaa kwenye laptop za watu), tarehe na saa aliyoombewa nafasi, saa aliyoingia, alikotoka kama ni dharura, theatre, wodini au rufaa, kama ilikuwa imepangwa au haikupangwa, saa daktari aliyosema huyu sasa anaweza kutoka, saa aliyotoka kweli kweli, alikoenda au kama alifariki, na saa alizokaa kwenye mashine ya kupumulia.

Kuna hospitali hazina saa ya kuombewa wala saa ya "yuko tayari kutoka". Anza kuziandika leo, kwa daftari la kawaida mezani kwa nesi wa zamu. Miezi mitatu ya daftari lililoandikwa vizuri ina thamani kuliko miaka mitano ya mfumo wa kompyuta usio na hizo safu mbili.

Kuhusu saa. Hospitali nyingi zinahesabu vichwa usiku wa manane, alafu hiyo ndo inakuwa "idadi ya siku". Mgonjwa aliyeingia saa 8 usiku akatoka saa 4 usiku wa siku hiyo hiyo kakalia kitanda saa 20 na hesabu ya usiku wa manane haimwoni kabisa. Pia ICU huwa imejaa zaidi mchana na jioni, watu wa theatre wameshuka na wa kwenda wodini bado hawajahamishwa, kwa hiyo picha ya usiku inakuonyesha ICU ikiwa imepumua. Tengeneza safu ya kila saa ya mwaka (zipo 8,760) na kwa kila saa hesabu wagonjwa walioingia kabla ya hapo na hawajatoka. Kwenye Excel ni COUNTIFS (fomula ya kuhesabu kwa masharti) yenye masharti mawili tu. Ukimaliza unajua ni saa ngapi ICU ilikuwa na watu 3, ngapi 4, ngapi 5, na muhimu kuliko zote, ngapi ilikuwa imejaa.

Hatua ya 3: Watafute waliokosa

Hapa usiharakishe. Kama kuna daftari la waliokataliwa, shukuru na ulitumie, ila usiliamini peke yake kwa sababu baada ya muda watu wanaacha hata kupiga simu ICU wakijua jibu. Pitia rekodi za rufaa za kwenda nje, pitia orodha ya oparesheni zilizoahirishwa na sababu zake, pitia dharura utafute waliokaa na bomba la kupumulia saa nyingi, pitia vifo vya wodini ndani ya siku mbili baada ya ombi la ICU. Ni kazi ya kuchosha na inauma, lakini hao ni watu waliokuja wakakosa nafasi, na mpango usiowahesabu utarudia kuwaacha nje.

Sasa kama hakuna daftari kabisa, kuna njia ya kukadiria. Kwenye ile hesabu ya saa kwa saa angalia ICU ilikuwa imejaa kwa asilimia ngapi ya muda. Kama dharura zinakuja bila mpangilio, basi asilimia ya wanaoikuta imejaa inakaribiana na asilimia ya muda iliyokuwa imejaa. Kwenye mfano wetu vitanda 6 vilikuwa vimejaa vyote asilimia 26.5 ya muda. Kwa hiyo chukua walioingia 322 ugawe kwa 0.735, unapata 438. Hayo ndo maombi halisi. Njia hii inafaa kwa dharura, kwa oparesheni za kupangwa haifai maana hizo zina ratiba na mtu anaweza kuziahirisha kabla hata hajaomba.

Angalia kosa linalojificha hapa: mtu anayepanga kwa kutumia walioingia tu atakuta mahitaji ni 4.4, ataongeza kidogo, atasema vitanda 6 vinatosha, mwaka unaofuata data zinaonyesha 4.4 tena, na mpango unaonekana umetimia. Ukubwa wa ICU umeamua nani aingie, alafu walioingia ndo wanatumika kuthibitisha ukubwa huo huo.

Hatua ya 4: Safisha

Hii fupi. Tafuta waliotoka kabla ya kuingia, waliokaa siku 300 kwa sababu hakuna aliyebonyeza "ametoka", na wale waliohamishwa kitanda namba 2 kwenda namba 5 mfumo ukawaandika kama watu wawili. Waunganishe. Aliyetoka akarudi ndani ya saa 48 mwache kama safari mbili lakini mwekee alama, wakiwa wengi ni ishara wanatolewa mapema. Alafu ongeza muda wa kusafisha na kuandaa kitanda, kama ni saa 2 au 3 basi kila mgonjwa anaongezewa hizo, kwa sababu kitanda kinachosafishwa hakiwezi kulaza mtu.

Hatua ya 5: Muda wa kukaa, tumia wastani na uwaheshimu wachache wanaokaa sana

Wagonjwa kumi wamekaa siku 1, 1, 2, 2, 2, 3, 3, 4, 7 na 25. Jumla siku 50, wastani siku 5. Mgonjwa wa katikati kakaa siku 2 na nusu tu. Madaktari wakikuambia "wetu wanakaa siku mbili tatu" hawadanganyi, wanamkumbuka huyo wa katikati. Ila kwa kupanga vitanda utumie wastani, siku 5, kwa sababu yule mmoja wa siku 25 amekula nusu ya siku zote za vitanda. Usimfute ukidhani ni kosa la data, huyo ndo anayejaza ICU yako.

Wachambue hawa wa muda mrefu pembeni: wangapi walipita siku 14, walichukua sehemu gani ya siku za vitanda, na walikuwa wanasubiri nini. Mara nyingine utakuta nusu ya muda wao wa mwisho walihitaji mashine ya kupumulia tu na uangalizi wa kati, sio ICU kamili.

Hatua ya 6: Pata mzigo

Kanuni ni nyepesi sana na John Little aliithibitisha mwaka 1961: watu waliomo ndani kwa wastani ni sawa na wanaokuja kwa siku mara siku wanazokaa. Maombi 438 kwa mwaka ni 1.2 kwa siku, mara siku 5, mzigo ni 6. Kumbuka ni maombi, sio walioingia.

Mzigo 6 haumaanishi vitanda 6. Unamaanisha kama ungekuwa na vitanda bila kikomo, kwa wastani 6 vingekuwa na mtu, siku nyingine 3, siku nyingine 10. Kwa dharura mtawanyiko wake ni kama mzizi wa pili wa mzigo wenyewe, mzizi wa 6 ni karibu 2.45. Kwa haraka haraka mzigo ujumlishe na mizizi miwili yake, 6 na 4.9, karibu vitanda 11. Hiyo ni ya kubeba kichwani kwenye kikao, hesabu yenyewe ni hatua inayofuata.

Hatua ya 7: Jedwali la Erlang

Agner Krarup Erlang alikuwa mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, na mwaka 1917 alichapisha kanuni ya kujua laini ngapi za simu zinatosha ili wapigaji wachache tu wakute zote zina watu. Swali lake na letu ni lile lile. (Mji huo huo wa Copenhagen ndipo daktari Bjørn Ibsen, baada ya mlipuko wa polio wa 1952, alifungua mwaka 1953 wodi ambayo wengi wanaitaja kama ICU ya kwanza. Nikifikiria kwamba hesabu ya kuipanga ilikuwa tayari mtaa wa pili nasisimka kila mara.)

Kuitengeneza: safu ya kwanza andika idadi ya vitanda 0, 1, 2, 3 mpaka 20. Safu ya pili, kwenye 0 andika 1. Kila mstari unaofuata chukua namba ya mstari wa juu uzidishe na mzigo, matokeo hayo yagawe kwa (idadi ya vitanda ya mstari huu jumlisha matokeo hayo hayo). Buruta chini basi. Inayotoka ni sehemu ya wanaokuta ICU imejaa.

Kwa mzigo 6 inatoka hivi:

Vitanda 6, wanakosa 26.5 kati ya 100
Vitanda 8, wanakosa 12.2
Vitanda 9, wanakosa 7.5
Vitanda 10, wanakosa 4.3
Vitanda 11, wanakosa 2.3
Vitanda 12, wanakosa 1.1

Kama mlikubaliana 5 kati ya 100, jibu ni vitanda 10. Kama ni 2, jibu ni 12. Angalia pia faida inavyopungua, kutoka 6 kwenda 8 umeokoa wagonjwa 14 kati ya 100, kutoka 10 kwenda 12 umeokoa 3. Hapo ndo mazungumzo ya bajeti yanapaswa kukaa, kwenye watu wangapi kwa kila kitanda kinachoongezwa.

Uzuri wa kanuni hii haijali muda wa kukaa umetawanyika vipi, wastani tu unatosha, kwa hiyo yule wa siku 25 haiharibu. Udhaifu wake inachukulia anayekuta pamejaa anaondoka, wakati kwetu wengine wanasubiri dharura, na inachukulia wanakuja bila mpangilio, na wa theatre hawako hivyo. Hata hivyo watafiti wa hospitali ya watoto Boston waliijaribu nadharia hii ya foleni kwenye data za ICU yao, wakachapisha mwaka 2004, na ikaelekeza vizuri sana na hali halisi.

Hatua ya 8: Achana na lengo moja la asilimia kwa kila ICU

Utasikia watu wanataja 70, 75, 85 kama kiwango kizuri cha kujaa. Tazama hii. ICU ya vitanda 10 yenye mzigo 6 inakataa 4.3 kati ya 100 na inajaa kwa asilimia 57 tu. ICU ya vitanda 30 yenye mzigo 24 inakataa 4.0 na inajaa asilimia 77. Huduma kwa mgonjwa ni ile ile. Ukiilazimisha ile ndogo ifike asilimia 75 kwa jina la ufanisi, umeirudisha kwenye vitanda 6 na robo ya wagonjwa nje.

Na ukiunganisha ICU nne ndogo za vitanda 10, kila moja na mzigo 6, kuwa moja, badala ya 40 unahitaji 30 kwa huduma ile ile, au unabaki na 40 na karibu hakuna anayekosa. Kwa hiyo kabla ya kujenga uliza kama ICU ya upasuaji na ya magonjwa ya ndani zinaweza kuazimana vitanda. Wanaogawana wodi kwa ukali, hiki changu hiki chako, wanapoteza vitanda bila kujua.

Hatua ya 9: Pasua data kwa siku, msimu na aina

Chora wanaoingia kwa siku ya wiki, dharura mstari mmoja, oparesheni za kupangwa mstari mwingine. Mara nyingi dharura inakaa karibu tambarare na za kupangwa zina vilima, Jumatatu na Jumanne juu, wikendi hamna kitu. Wale wale wa Boston mwaka 2003 walikuwa wameonyesha kwamba kubadilika badilika kwa oparesheni za kupangwa ndo kulikochangia zaidi ICU kukataa watu, kuliko dharura. Inashangaza lakini ndo sehemu yenye matumaini, kwa sababu dharura huwezi kuiambia ije Alhamisi ila oparesheni kubwa unaweza kuisogeza. Kukubaliana tu kwamba zinazohitaji ICU hazizidi mbili kwa siku na zigawanywe Jumatatu mpaka Ijumaa kunaweza kufanya kazi ya kitanda kizima, bila kununua chochote.

Msimu nao. Miezi ya magonjwa ya kupumua mzigo ukipanda asilimia 20, kutoka 6 kwenda 7.2, zile vitanda 10 zilizokuwa zinakataa 4.3 sasa zinakataa 8.7, mara mbili. Ongezeko dogo la wagonjwa linaleta ongezeko kubwa la wanaokosa. Kwa hiyo fanya jedwali mbili, la miezi ya kawaida na la miezi mibaya, na upange vitanda viwili vya kufungua kwa msimu badala ya kuviweka mwaka mzima bila nesi.

Hatua ya 10: Punguza ucheleweshaji kabla ya kuomba fedha

Toa saa ya "tayari kutoka" kwenye saa ya kutoka kweli. Ukikuta kwa wastani nusu siku inapotea kusubiri kitanda wodini, kusubiri mtu wa kumsindikiza, kusubiri daktari apite asubuhi, basi hiyo nusu siku ni mzigo. Siku 5 zikiwa 4.5, mzigo unashuka kutoka 6 hadi 5.4, na kwa vitanda 10 wanaokosa wanashuka kutoka 4.3 hadi 2.7. Kuongeza kitanda cha 11 kungekupa 2.3. Kwa hiyo kumaliza ucheleweshaji wa nusu siku ni karibu sawa na kitanda kipya.

Ila kuwa makini sana hapa: unapunguza muda wa kusubiri, sio muda wa matibabu. Ukiona muda umepungua na wanaorudi ndani ya saa 48 wameongezeka, hujapunguza ucheleweshaji, umetoa watu mapema.

Hatua ya 11: Geuza vitanda kuwa manesi

Kitanda bila nesi ni samani. Wiki ina saa 168. Nesi wa saa 40 kwa wiki, ukitoa likizo, ugonjwa na mafunzo kama asilimia 22, anabaki na saa 31 hivi za kitandani. 168 gawa kwa 31 ni manesi 5.4 kwa kila nafasi moja inayotakiwa kuwa na mtu usiku na mchana. Uingereza kiwango chao ni nesi mmoja kwa mgonjwa mmoja wa uangalizi wa juu kabisa, na mmoja kwa wawili kwa uangalizi wa kati. Vitanda 10 vya aina ya kwanza ni manesi 54, vya aina ya pili 27. Data zako za saa za mashine ya kupumulia ndo zinakuambia mchanganyiko wako uko wapi.

Kwa hiyo kwenye ile hesabu ya kila saa weka safu nyingine: vitanda vilivyokuwa na nesi saa hiyo. Utashangaa ICU ya vitanda 10 mara ngapi ilikuwa ya 8. Tumia hiyo namba kwenye jedwali la Erlang, sio ile ya kwenye mlango.

Oksijeni pia. Mgonjwa mmoja kwenye oksijeni ya kasi ya juu kwa pua anaweza kutumia mpaka lita 60 kwa dakika, vitanda vinne vya namna hiyo ni lita 240 kila dakika, muulize fundi kama mabomba na mtambo vinabeba kabla hujaandika vitanda vinne kwenye mpango.

Hatua ya 12: Pima hesabu yako kwa mwaka ambao haijauona

Tumia miaka miwili ya kwanza kupata mzigo, alafu tabiri mwaka wa tatu: ICU itakuwa imejaa asilimia ngapi ya muda, itakuwa na watu 5 saa ngapi, 6 saa ngapi. Linganisha na ilivyotokea. Zikikaribiana endelea. Zikipishana sana mara nyingi sababu ni oparesheni za kupangwa au ni data chafu, na hapo ndo uende kwenye programu ya kuigiza wodi, mfano SimPy kwa wanaotumia Python au simmer kwa wa R (lugha za kuandikia programu), zote za bure, unaweka ratiba ya theatre, muda halisi wa kukaa wa wagonjwa wako, unaendesha miaka mia kwa dakika chache. Ila usianzie huko. Anayeanza na programu kubwa kabla ya kuwahesabu waliokosa anapata picha nzuri ya swali lisilo sahihi.

Hatua ya 13: Mlipuko una hesabu yake

Yote ya juu ni ya hali ya kawaida. Kwenye mlipuko kanuni ya Little haisaidii kwa sababu wanaokuja wanaongezeka kila siku. Lombardia, Italia, kabla ya COVID-19 kufika Februari 2020 ilikuwa na vitanda vya ICU kama 720, na majira ya baridi huwa vinajaa asilimia 85 hadi 90, yaani vilivyo wazi ni kati ya 72 na 108 kwa mkoa mzima.

Hapo unahesabu siku kwa siku: waliomo jana, jumlisha wanaoingia leo, toa wanaotoka leo. Wanaoingia wakiwa wanaongezeka mara mbili kila siku 4, watatu wa leo ni 12 kwa siku baada ya siku 8, na kama kila mmoja anakaa siku 10 basi hakuna aliyetoka bado. Kwa hiyo panga kwa ngazi na uandike kichocheo cha kila ngazi mapema: vikibaki vitanda 3 oparesheni za kupangwa zinasimama, kikibaki 1 chumba cha kuamkia kinakuwa ICU na manesi wake wameshafundishwa, vikiisha hospitali fulani inapokea na makubaliano yameshasainiwa. Kichocheo kiwe namba ambayo nesi wa zamu anaiona mwenyewe saa 9 usiku bila kumpigia mtu simu kuomba ruhusa.

Hatua ya 14: Peleka kwa wenye maamuzi, alafu rudia

Usiwapelekee asilimia ya kujaa. Wapelekee ukurasa mmoja: vitanda tulivyonavyo vyenye nesi, maombi ya mwaka, waliokosa, na jedwali lenye safu tatu, idadi ya vitanda, watu wangapi watakosa kwa mwaka, na manesi wanaohitajika. Kwa mfano wetu vitanda 6 ni watu 116, vitanda 8 ni 53, vitanda 10 ni 19, vitanda 12 ni 5. Onyesha pia mstari wa "vitanda 10 pamoja na kumaliza ucheleweshaji wa nusu siku", ambao ni watu 12. Weka na mzigo wa miaka 3 ijayo ukipanda kidogo na ukipanda sana, kwa kuangalia watu wanaohudumiwa na hospitali wanavyoongezeka na kuzeeka na kama kuna daktari wa moyo au wa ubongo anakuja kuanza oparesheni mpya, maana huyo anakuja na mzigo wake.

Rudia hesabu kila baada ya miezi mitatu kwa kuongeza data mpya, inachukua asubuhi moja tu safu zikishakuwepo. Usisubiri miezi mitatu ukiona mojawapo ya haya: wanaotolewa usiku wameongezeka, wanaorudi ndani ya saa 48 wameongezeka, theatre wameongeza ratiba, au daftari la waliokosa limekaa wiki mbili bila mstari mpya wakati ICU imejaa. Hili la mwisho nenda kaulize siku hiyo hiyo nani ameacha kuandika.